Mikumi, Saadani au Udzungwa: hema ukalipige wapi?

Kila ikikaribia Saba Saba naanza kupokea simu za watu wa Dar wanaotaka kwenda kulala porini, na swali la kwanza huwa lilelile: "Wapi kuna wanyama wengi?" Si swali baya, ila ni swali la mtu wa kwenda na kurudi. Anayebeba hema ana hesabu nyingine. Simba ukibahatika kumpata utamtazama robo saa, na yeye muda wote huo atakuwa amelala. Giza letu linaingia kama saa kumi na mbili na nusu jioni na kuondoka alfajiri ya saa kumi na mbili, na muda huo wote huwezi kuzungusha gari hifadhini upendavyo. Ni karibu saa kumi na mbili utakazozimaliza kwenye kipande cha ardhi kidogo kuliko ua wa nyumba yako, wewe na uliokwenda nao. Mimi hifadhi nazilinganisha kwa saa hizo.

Nitazungumzia Mikumi, Saadani na Udzungwa, kwa sababu ndizo ambazo mtu wa Dar anaweza kuzifikia bila kuomba likizo ndefu. Zote tatu ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na zote zina kambi za umma, yaani zile ambazo kiwanja, choo na banda la kupikia mnachangia na wageni wengine. Kuna pia kambi maalumu, ambazo kundi lenu linapewa peke yake. Hizo ni ghali zaidi na mara nyingi hazina maji wala choo, maana unachonunua pale ni upweke. Kwa mara ya kwanza sioni sababu ya kuzihangaikia.

Mikumi

Yeyote aliyewahi kupanda basi la Iringa au Mbeya ameiona Mikumi. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na ukikaa dirishani utaona twiga, pundamilia, nyani na pengine tembo bila kulipa hata senti. Ndiyo maana wengi huuliza: sasa nikiingia getini nalipia nini? Unalipia Mkata. Ni uwanda wa nyasi ulio upande wa pili wa geti, mpana, macho yanakwenda mpaka yanachoka, na kiangazi wanyama wanajazana kwenye maji machache yaliyobaki. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, lakini mgeni wa siku mbili atazunguka huko Mkata na kwenye bwawa la viboko, na hatadai chenji.

Usiku wa Mikumi ni wa kukaa. Kambi haina uzio, kwa hiyo jua likizama miguu yenu imefungwa: kati ya moto, hema na choo, na hata chooni hamwendi mmojammoja. Mara ya kwanza nilikwenda na binti yangu akiwa na miaka saba. Saa nane usiku akanigusa bega akanong'ona, "Baba, nani anachana nguo?" Nikasikiliza. Ni kweli kabisa, nje kulikuwa na sauti kama ya mtu anayechana kaniki taratibu, anatulia, kisha anachana tena. Alikuwa tembo anang'oa majani, hatua chache kutoka kwenye kamba za hema letu. Nyayo zake hatukuzisikia hata moja. Tulichosikia ni majani na tumbo lake likinguruma kama pikipiki ya mbali. Tulikaa kimya hivyo kama nusu saa, na mwanangu hajawahi tena kuniuliza kwa nini tusilale hotelini.

Usiku huo ndio sababu ya kuichagua Mikumi, na ndio sababu ya kuiepuka pia. Kama katika kundi lenu kuna mtu ambaye akiogopa hupiga kelele, au anayefungua zipu na kumulika tochi ili "aone vizuri", kambi isiyo na uzio si mahali pake. Sheria zenyewe ni chache. Chakula hakilali ndani ya hema, hata chungwa moja, kwa sababu tembo ananusa tunda kutoka mbali na kitambaa cha hema kwake si ukuta. Viatu vinalala ndani. Mimi nilipoteza kandambili moja kwa fisi, na hiyo nyingine sikujua nifanye nayo nini, nikarudi nayo Dar. Nyani nao wana zamu ya mchana: mkienda kuzunguka mkaacha sufuria la wali juu ya meza, mtakuta sufuria.

Upungufu wa Mikumi ni gari. Bila gari hufanyi lolote, maana kutembea kwa miguu si jambo la kuamua mwenyewe; lazima lipangwe na askari wa hifadhi mwenye silaha. Gari dogo la kawaida linaweza kujikongoja kiangazi kwenye njia za karibu na geti, lakini masika ule udongo mweusi unashika matairi kama ugali unavyoshika mwiko. Na mkienda na vitambaa vya bluu iliyokoza au nyeusi, mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyowaita, watawafuata ndani ya gari. Rangi hizo zinawavuta. Vaeni kaki au kijani iliyofifia, hata kama picha zitapooza.

Saadani

Hapa tumetoka kwenye nyasi tumekuja kwenye mchanga. Saadani ilikuwa pori la akiba kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa ya bara inayosifiwa kwa kuwakutanisha wanyama wa nyikani na Bahari ya Hindi. Picha zake mmeziona: mnyama mkubwa amesimama ufukweni, mawimbi nyuma yake. Zifurahieni kama picha. Nimekwenda Saadani mara tatu, na ufukweni nimeona nyayo, kaa, na wavuvi wanaovuta nyavu. Twiga, kuro, ngiri na kongoni utawaona ndani, kwa subira, lakini anayekwenda akiwa na Mkata kichwani atarudi akinung'unika.

Uzuri wa Saadani ni kwamba usiku wake una shughuli. Mnaweza kukaa mchangani, upepo unapuliza, na mtu asiye na hamu ya wanyama, yule shemeji anayekuja kwa sababu kalazimishwa, hapati cha kulalamikia. Kijiji cha Saadani kipo palepale, cha wavuvi, na kamba wa mdomo wa Mto Wami wana sifa yao. Ukifika jioni boti zinaporudi, unaweza kununua kitoweo ambacho hakijaiona barafu. Asubuhi unakwenda Wami kwa boti kuangalia viboko na mamba. Kaskazini zaidi, kwenye ufuko wa Madete, kasa wa kijani hupanda kutaga, na ukikuta wakati wa vifaranga kutoka, basi hilo ni tukio la kusimulia miaka.

Sasa mambo ya hema, maana hapa ndipo watu wanapoumbuka. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Niliwahi kulala Saadani mwezi wa saba, kusi imekaza, na saa sita usiku kona mbili za hema zikang'oka kwa mpigo; tukawa ndani ya pulizo linalotaka kuruka. Mvuvi mmoja aliyekuwa akipita asubuhi alicheka, akanionyesha: jaza mchanga kwenye kiroba au mfuko wa salfeti, funga kamba ya hema katikati yake, fukia kwa kina cha mkono mpaka kiwiko. Hakuna upepo unaong'oa hicho. Jambo la pili ni maji. Ufukweni kaa juu ya mstari wa mwani mkavu, siyo juu ya mstari wa mchanga uliolowa leo, na kama ni siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, ongeza hatua nyingine ishirini. Bahari iliyokuwa mbali saa kumi jioni inaweza kuja kukuamkia.

Joto nalo. Miezi ya kaskazi, kuanzia kama Desemba mpaka Machi, hema la Saadani ni tanuri lenye chumvi; mtalala milango wazi na vyandarua tu, na asubuhi kila kitu kinanata. Kuanzia Juni mpaka Septemba kuna upepo lakini usingizi unapatikana. Mimi nachagua upepo.

Njia ya kufika ndiyo kikwazo. Kwenye ramani Saadani iko jirani tu na Bagamoyo, lakini kuna Wami katikati. Njia ambayo imezoeleka ni ya Chalinze: unashika barabara ya Segera mpaka Mandera, unaingia kulia, unapita Miono, na kutoka Mandera ni kama kilomita 60 za vumbi. Kiangazi ni vumbi kweli. Masika, kabla ya kuwasha gari, piga simu hifadhini uulize hali ya barabara, na ukiambiwa "inapitika kwa shida", elewa neno shida.

Udzungwa

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wachache kuliko zote. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara ya kuzungukia watalii. Hakuna. Unatembea. Mnyama mkubwa utakayemwona kwa hakika ni mti.

Lakini kwa mtu wa hema, hesabu inageuka. Kule Mikumi gari ndilo linalokula pesa, huku hulihitaji. Unaweza kupanda SGR Dar mpaka Morogoro, ukateremka stesheni ya Kihonda, bajaji mpaka stendi ya mabasi ya Msamvu, ukadaka basi la Ifakara likakushusha Mang'ula, kama kilomita 60 kusini mwa mji wa Mikumi. Treni ya TAZARA nayo ina stesheni Mang'ula, kwa asiyeshindana na saa. Ofisi za hifadhi ziko Mang'ula hapohapo, na kambi iko chini ya miti, maji ya kijito yakisikika. Ukisahau chumvi, unatembea kwenda dukani. Jaribu kusahau chumvi Mkata.

Mchana wa Udzungwa ni wa miguu. Wengi hupanda kwenye maporomoko ya Sanje, yanayoshuka mita 170 kwa ngazi kadhaa. Ni safari ya nusu siku, lazima na mwongozaji, na ukifika juu unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yametandazwa chini kama mkeka wa kijani. Kuna dimbwi la kuogelea. Maji ni ya baridi ya kukata maneno. Walio na mapafu na siku tatu wanaweza kwenda kilele cha Mwanihana na kulala njiani, mkiwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo. Tembo wapo, hata kwenye miteremko ambayo mimi naipanda kwa mikono na magoti. Kilele cha juu kabisa, Luhombero, kina mita 2,576, na hicho si cha wikiendi.

Na nyani na kima wake ndio wanaowaleta wataalamu kutoka nje. Mangabey wa Sanje, aina ya kima, hakujulikana na wanasayansi mpaka mwaka 1979, na hapatikani kokote duniani nje ya milima hii. Mbega mwekundu wa Iringa ni wa hukuhuku pia, na huyu huna haja ya kumtafuta: asubuhi, ukiwa unachemsha chai, unasikia matawi yanavunjika juu yako.

Usiku wake? Kwanza ni mweusi kuliko usiku mwingine wowote nilioulala, kwa sababu nyota zimefunikwa na majani. Mvua ikinyesha nusu saa, miti inaendelea kudondosha kwa saa nzima, kwa hiyo turubai la pili juu ya hema si anasa. Halafu kuna perere. Perere ni mnyama mdogo, saizi ya sungura aliyenenepa, anaishi juu ya mti, na Mungu akampa sauti ya mtu anayenyongwa. Anaanza kwa mikwaruzo kama mlango wenye kutu, anapanda, anapanda, anamalizia kwa mayowe. Waambieni wenzenu mapema. Mimi sikuambiwa, na nilitoka na panga.

Hata hivyo hofu ya huku ni nyepesi kuliko ya Mikumi. Karibu na ofisi simba si habari ya kila usiku. Kero ni siafu, na dawa yake ni kutopiga hema juu ya njia yao na kutomwaga makombo. Magoti ndiyo hukumu yenyewe. Ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu au mtoto wa miaka minne, mtabaki kambini mkisikiliza kijito, nacho baada ya siku moja kimesema yote.

Pesa

Kwa raia wa Afrika Mashariki viingilio vya hizi tatu ni vya chini, na hapa hazitofautiani. Kwa viwango ninavyovijua, mtu mzima ni shilingi 5,000 kuingia na 5,000 kulala kambi ya umma, kabla ya VAT. Ukiongeza asilimia 18 kila moja inakuwa 5,900. Watu wazima wanne, usiku mmoja, ni 47,200. Viwango hupitiwa, kwa hiyo vithibitisheni kabla ya kusafiri, na nendeni na vitambulisho vya NIDA, maana asiye na uthibitisho wa uraia anaweza kuhesabiwa kama mgeni wa dola. Geti halipokei fedha taslimu: ni kadi au namba ya malipo.

Basi elfu 47 si tatizo. Kinachotofautisha ni kilicho nje ya risiti hiyo. Mikumi unaongeza kiingilio cha gari, mafuta ya kwenda, kurudi na kuzunguka, au kukodi gari la wazi pale mji wa Mikumi, na kukodi peke yake kunaweza kuzidi viingilio vya kundi zima mara kadhaa. Likigawanywa kwa watu sita au saba linavumilika. Kwa wawili linauma. Saadani unaongeza mafuta na boti ya Wami. Udzungwa unaongeza nauli ya basi na mwongozaji. Kijana mwenye mkoba mgongoni na laki moja na nusu mfukoni anaweza kulala Udzungwa siku mbili na kurudi na nauli ya daladala. Mikumi kiasi hicho hakitoshi kumwonyesha hata swala, labda awaone kupitia dirisha la basi.

Vya kubeba vinalingana kote: jiko la gesi la mtungi mdogo au mkaa wenu, kwa sababu kuni za hifadhi haziokotwi, maji ya kunywa ya siku ya ziada, tochi ya kichwani kwa kila mtu, siyo moja ya familia, chandarua au dawa ya mbu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo mkate na nyanya ziingie kwenye kikapu. Na spika iachwe nyumbani. Nimewahi kulala kambi moja na kundi lililokuja na spika ya ukubwa wa jerikeni. Askari aliwafuata mara mbili kabla ya saa tatu, na sisi wengine wote tulikwenda kumsalimia kwa heshima zote asubuhi yake.

Nani aende wapi

Watoto wa kuanzia miaka sita, wanaoweza kukaa kimya wakiambiwa, wapelekeni Mikumi, Juni mpaka Oktoba, na familia nyingine moja ya kuchangia gari. Wadogo zaidi ya hapo, au kundi lenye wazee na watu wa tabia mchanganyiko, Saadani, ila siyo masika na siyo bila vile viroba vya mchanga. Marafiki wenye miguu na wasio na gari, Udzungwa bila kufikiri mara mbili. Wapenzi wapya nawashauri Saadani; Udzungwa mtagombana kwenye mteremko wa kushukia Sanje, nimeshuhudia.

Wenye siku nne wanaweza kuunganisha: usiku mmoja Mikumi, kisha mwendo wa saa moja na nusu hivi mpaka Mang'ula na usiku mbili huko. Anzieni Mikumi. Ukianza na Udzungwa, misuli ya mapaja itakukumbusha kila gari linaporuka shimo kule Mkata.

Na kama hema ni jipya na hamjawahi kulilalia, msilifungulie porini. Nendeni kwanza usiku mmoja Pugu-Kazimzumbwi, ule msitu wa hifadhi wa TFS, wakala wa misitu, upande wa Kisarawe, karibu kabisa na mjini. Huko ndiko mtagundua kwamba hema la watu wanne ni la watu wawili na mabegi yao, na kwamba fimbo moja imebaki dukani. Mimi niligundua yangu saa moja usiku, Mikumi, mwenzangu ameshika tochi kwa meno, na hema likasimama mpaka asubuhi kwa msaada wa mpini wa fagio tuliouazima kambi ya jirani.